Sura ya Tano: Cherehani Zina Miguu

Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Waters alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na kilichomleta si siasa. Matajiri wa Salem walitaka pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nao walikuwa na kitu kilichogombaniwa pwani na bara: kitambaa cha pamba kizito, kisichopaushwa, kinachovumilia jua, jasho na safari, ambacho kuanzia Unguja hadi Ujiji kiliitwa merikani. Kwa majora ya merikani misafara ililipa hongo kwa watawala wa njiani, ikanunua chakula, ikanunua pembe, ikanunua na watu.

Habari za viwanda kuhama husimuliwa mara nyingi kama jambo la juzi, lililoanza China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Mnunuzi wa merikani kule Tabora angeshangaa. Jora aliloshika lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wawili asiowajua: mtumwa aliyechuma pamba kusini mwa Marekani, na msichana, binti wa mkulima, aliyesimama saa kumi na mbili na zaidi mbele ya mtambo wa kufumia kaskazini mwa nchi hiyo hiyo. Mtumwa ana vitabu vyake. Hapa namfuata yule msichana. Katika karne mbili za kuhama kwa kazi hii mitambo imebadilika, wenye mali wamebadilika, mabara yamebadilika, ila yeye amebaki yule yule kwa umri, kwa asili na kwa sababu iliyomfanya achaguliwe.

*

Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikwenda Uingereza mwaka 1810. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikataza kupeleka nje mitambo ya nguo. Lowell akawa anatembelea viwanda kama mgeni muungwana, anatazama, anauliza, anakariri. Alirejea nyumbani na mtambo kichwani, na kwa msaada wa fundi hodari, Paul Moody, akaufanya ufume huko Waltham mwaka 1814. Leo Washington ingeuita ujanja huo wizi wa teknolojia. Lowell alikufa mapema, mwaka 1817. Wenzake ndio waliojenga mji mzima wa viwanda kwenye maporomoko ya mto Merrimack, wakaupa jina lake.

Maji walikuwa nayo, mtaji walikuwa nao. Watu ndio waliokosekana. Kijana wa kiume wa New England alikuwa na shamba la baba, au alikuwa na magharibi yote ya kwenda kutafuta la kwake, na mshahara wa kumfungia ndani mchana kutwa ungekuwa mkubwa mno. Dada yake alikuwa katika hali nyingine. Ardhi hakutarajia kurithi. Kusokota na kufuma alikokufanya nyumbani ndiko hasa kulikouawa na kiwanda. Fedha taslimu alizisikia zikitajwa na wanaume. Kwa hiyo mshahara ambao kaka yake angeucheka, kwake ulikuwa mkubwa kuliko alioweza kuupata popote, na mawakala walizunguka vijijini New Hampshire, Vermont na Maine wakiwachukua mabinti kama yeye. Ili wazazi wasiwe na wasiwasi, kampuni zilijenga mabweni yenye mama mlezi. Saa nne usiku milango imefungwa, na Jumapili kanisani. Charles Dickens alipita hapo mwaka 1842, akaondoka na sifa tele.

Wasichana wenyewe walikuwa na maneno mengine. Mwaka 1834 ilipotangazwa kwamba mishahara inashushwa, wapatao 800 waliacha mitambo wakaingia barabarani. Mwaka 1836 kampuni zikapandisha malipo ya bweni, na safari hii wakatoka wengi zaidi, karibu mara mbili. Muongo uliofuata, Sarah Bagley akiwa mstari wa mbele, walikusanya sahihi kudai siku ya kazi ya saa kumi na kuzifikisha kwenye bunge la Massachusetts. Kamati ya bunge iliwasikiliza, ikaamua kwamba suala hilo haliihusu.

Kampuni hazikuhama, kwa kuwa hazikuhitaji kuhama. Ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa Ireland katikati ya miaka ya 1840, watu wenye shida kubwa kuliko ya binti wa Vermont walishuka wenyewe bandarini Boston. Baada yao wakaja Wakanada wa Kifaransa, kisha Wagiriki na Wareno. Kwa vizazi viwili vitatu New England ilipata nguvukazi ya bei ya chini kwa kuletewa watu. Wachumi hupenda kuhesabu kiwanda kinapovuka mpaka. Mtu akivuka mpaka ili akifuate kiwanda, wanamwandika kwenye daftari jingine, la uhamiaji. Kwa mwajiri ni hesabu moja.

*

Kilichowafanya wenye viwanda waanze kutazama kusini ni sheria. Massachusetts iliweka kikomo cha saa kumi kwa siku kwa wanawake na watoto mwaka 1874, na saa 48 kwa wiki mwaka 1919. Majimbo ya Carolina mawili hayakujisumbua na mambo hayo. Yalikuwa na wakulima wazungu waliofilisiwa na bei ya pamba, walio tayari kuhamia na mke na watoto katika nyumba ya kampuni, kukopa katika duka la kampuni, na kuingia kiwandani wote, hata watoto ambao walipaswa kuwa darasani. Inasemwa kwamba viwanda viliifuata pamba. Siamini kwamba hiyo ndiyo sababu kuu: kwa nusu karne na zaidi New England ilikuwa imesafirisha marobota kutoka kusini na bado ikapata faida. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 Kusini ilikuwa imeipita New England kwa wingi wa mitambo ya kusokota.

Angalia kilichotokea Manchester, mji wa New Hampshire uliokuwa na kiwanda cha Amoskeag, ambacho kwa wakati wake kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya pamba duniani, chenye wafanyakazi wapatao 17,000. Februari 1922 menejimenti ilitangaza kukata mishahara kwa asilimia 20 na kurefusha wiki ya kazi kutoka saa 48 hadi 54, ili kiweze kushindana na Kusini. Mgomo ulidumu miezi tisa, na vitabu vingi husimama hapo. Mimi naona jambo kubwa lilifanyika mwaka 1925, kimyakimya, bila bango wala polisi: wenye hisa waliigawa kampuni, akiba ya fedha ikawekwa upande mmoja, kiwanda na mitambo yake mizee kikaachwa upande wa pili kijitegemee. Kilipokufa mwishoni mwa 1935, fedha zilikuwa salama. Kuhama huanzia kwenye vitabu vya hesabu, miaka mingi kabla lori la kwanza halijapakia mtambo.

Salem nayo haikupona. Matajiri wake walikuwa wamejenga kiwanda cha mvuke, Naumkeag, kilichoanza kufuma mwaka 1847. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba, na soko la Unguja likawaponyoka. Waingereza wakaingia, na kabla ya karne kuisha viwanda vya Bombay vilikuwa vinafuma merikani ya kwao na kuileta pwani. Naumkeag ikageukia mashuka ya kitandani, ikateketea katika moto mkubwa wa 1914, ikajengwa upya, na mwaka 1953 ikafunga kiwanda chake cha Salem na kupeleka kazi Carolina Kusini.

Kule kusini nako hapakukalika muda mrefu. Gastonia, mji wa Carolina Kaskazini, uligoma mwaka 1929. Mwaka 1934 wafanyakazi wa nguo kama 400,000, kusini na kaskazini, waliacha kazi kwa pamoja, wakashindwa. Weusi walikuwa wamezuiwa kugusa karibu kazi zote za mitamboni. Walifagia, walipakia, walibeba. Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na mabinti weusi wa mashambani wakaingia kwa wingi kwenye kazi ambayo mama zao walikatazwa. Walipata muda wa kizazi kimoja tu. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya Pillowtex, mrithi wa viwanda vya Cannon vya Kannapolis, ilifunga milango, na zaidi ya watu 4,000 wa Carolina Kaskazini peke yake wakakosa kazi kwa tangazo moja. Jimbo hilo halikuwa limewahi kuona watu wengi kama hao wakipoteza kazi kwa mkupuo. Mwaka 1990 ushonaji wa nguo uliajiri Wamarekani zaidi ya 900,000; sasa hawafiki hata robo ya hao.

*

Hapa inabidi tutenganishe kusokota na kufuma, upande mmoja, na kushona, upande wa pili, kwa maana magazeti huyachanganya yote kuwa "viwanda vya nguo" na msomaji hapati kuelewa kwa nini kimoja huondoka polepole na kingine huondoka usiku.

Mtambo wa kusokota au wa kufuma ni chuma kizito kilichokazwa sakafuni. Unahitaji umeme wa uhakika, maji, mafundi waliosoma, na miaka mingi ya kurudisha gharama. Unazidi kujiendesha wenyewe, na ukumbi mkubwa wa kufuma leo unaweza kuwa na watu wachache sana. Kushona ni kinyume chake. Kitambaa hulegea, hunyooka, hujikunja, na roboti inayoweza kuunga kioo cha gari bado inashindwa kuunganisha kola na shati kwa kasi na bei ya binadamu. Tangu Isaac Singer aanze kuuza cherehani zake katika miaka ya 1850, kiini cha kazi hakijabadilika: mtu mmoja, cherehani moja, vidole viwili vinavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Katika laini ya kisasa kazi ya shati imekatwakatwa vipande. Huyu anashona mfuko mchana kutwa, yule anaunga mkono, wa mwisho anatia vifungo. Msichana ambaye hajawahi kushika cherehani hufundishwa kipande chake kwa wiki chache. Jengo ni la kupanga. Cherehani zinapakiwa kwenye kontena. Mwenye kiwanda akiamua kuondoka, kinachomzuia ni mkataba wa pango na mafao ya wafanyakazi, kama atayalipa.

Lakini hahami ovyo kwenda kokote penye mshahara mdogo. Angekuwa anafanya hivyo, nchi maskini kuliko zote zingekuwa zimejaa viwanda. Anafuata pia karatasi. Kuanzia mwaka 1974 nchi tajiri zilikuwa na mkataba wa kugawa soko lao la nguo: kila nchi inayouza ilipewa kiwango chake, mashati kadhaa, suruali kadhaa, na ikifika hapo basi. Korea Kusini ilibanwa na viwango hivyo wakati ambapo wafanyakazi wake walikuwa wameanza kuinua kichwa. Mwaka 1970 fundi wa miaka 22, Jeon Tae-il, alijiwasha moto katika soko la nguo la Seoul, akidai sheria ya kazi ifuatwe. Kilichomsukuma ni hali ya wasichana wadogo waliotoka mashambani, wasaidizi wa washonaji, aliowaona wakikohoa vumbi katika vyumba visivyo na hewa.

Kampuni ya Daewoo ya Korea ikahitaji nchi yenye watu wengi na kiwango ambacho hakijaguswa. Bangladesh ilikuwa navyo vyote viwili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Daewoo ilikubaliana na kampuni mpya ya Chittagong, Desh Garments, ya Noorul Quader, aliyekuwa mtumishi wa serikali. Desh ilipeleka watu 130 Busan wakafundishwe kwa miezi sita: kukata, kushona, kusimamia laini, kuandika barua ya benki ya kuagiza vitambaa, kuzungumza na mnunuzi wa New York. Waliporudi, haikupita miaka mingi wengi wao wakaiacha Desh. Wengine walichukuliwa na washindani, wengine wakaanzisha viwanda vyao. Ni katika watu hao 130 ambapo sekta yenye wafanyakazi kama milioni 4, wengi wao wanawake waliotoka vijijini, ilipata mbegu yake. Sekta hiyo pia ndiyo iliyotupa Rana Plaza, jengo lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134. Siku iliyotangulia nyufa zilikuwa zimeonekana, watu wakatolewa nje, na kesho yake wakaamriwa kurudi kwenye cherehani.

*

Afrika Mashariki iliingia kwenye mkondo huu kupitia karatasi nyingine. Mei 2000 Rais Clinton alitia saini sheria ya AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, hata kama kitambaa chenyewe kilitoka Asia. Wenye viwanda kutoka Sri Lanka, India na Taiwan walielewa mara moja. Kenya ilikuwa na sheria ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza nje, tangu 1990, na mji wa Athi River, karibu na Nairobi, ukajaa washonaji.

Uganda ilitaka na yake. Mwaka 2003, kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali, mwekezaji kutoka Sri Lanka alifungua kiwanda cha Tri-Star huko Bugolobi, Kampala. Wasichana walikusanywa kutoka wilaya mbalimbali za nchi, wengi wakiwa wametoka shule tu, wakawekwa kwenye mabweni. Magazeti yaliwaita wasichana wa AGOA. Oktoba mwaka huo huo waligoma kwa sababu ya saa nyingi, malipo madogo na masharti makali, wakajifungia bwenini. Karibu 300 walifukuzwa, na Rais Museveni akatetea hadharani kufukuzwa kwao, kwa hoja kwamba mgomo ungewatisha wawekezaji. Sijui kama kuna mtu Ikulu aliyekuwa amesoma habari za Lowell. Bweni, mama mlezi, wakala wa vijijini, mgomo: kila kipande kilikuwapo, tofauti ni kwamba Massachusetts mtaji ulikuwa wa nyumbani. Kiwanda cha Bugolobi kilikufa miaka michache baadaye na kuiachia serikali deni.

Kenya ilionja mambo mawili kwa haraka. Januari 2003, mara baada ya serikali ya KANU, chama kilichotawala tangu uhuru, kuondoka, wafanyakazi wa EPZ wa Nairobi na Athi River waligoma kwa maelfu. Walidhani zama mpya zimewafikia na wao. Kisha tarehe 1 Januari 2005 ule mgao wa soko wa tangu 1974 ukafutwa rasmi. China ikaachiliwa. Baadhi ya waliokuja kwa ajili ya karatasi walifunga virago, wakabaki wale ambao unafuu wa ushuru uliwatosha.

Ethiopia ilicheza mchezo huo kwa kishindo zaidi. Mwaka 2016 ilizindua bustani ya viwanda ya Hawassa, iliyojengwa na kampuni ya Kichina kwa muda usiofika hata mwaka mmoja, na kampuni ya Marekani ya PVH, yenye chapa za Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ikawa kivutio kwa wengine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliandika kwamba mshahara wa kuanzia Hawassa ulikuwa dola 26 kwa mwezi, mdogo kuliko mahali pengine popote nguo za kuuza nje zinaposhonwa. Kwa hesabu yao mshonaji wa Bangladesh alipata dola 95, na wa Kenya 207.

Na hapo ndipo hesabu ilipogoma. Mabinti wa Sidama, eneo ulimo mji wa Hawassa, walikuja, wakapanga chumba watu wanne, wakalipa kodi, wakala, wakabaki na nauli ya kurudi kwao, wakarudi kweli. Utafiti wa awali wa Christopher Blattman na Stefan Dercon katika viwanda vya Ethiopia ulikuwa umeshaonyesha kwamba theluthi moja ya walioajiriwa huacha kazi mwezi wa kwanza, na asilimia 77 kabla ya mwaka kuisha. Mameneja walilalamika kwamba watu hawana nidhamu ya kiwandani. Kwangu mimi walikuwa na hesabu nzuri kuliko ya mameneja. Shamba la nyumbani lilikuwa halijafa. Binti wa Sidama bado alikuwa na pa kurudi, na dola 26 hazikutosha kununua usahaulifu wake. Wawekezaji walipotafuta nchi yenye mshahara wa chini kuliko zote, walifika mahali ambapo mshahara ulikuwa chini kiasi kwamba haukuweza kumweka mtu kazini. Halafu vita vikaja huko Tigray, kaskazini mwa nchi. Novemba 2021 PVH ilitangaza kufunga kiwanda chake, na tarehe 1 Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia katika AGOA. Washonaji wa Hawassa walilipia vita ambavyo hawakuvianzisha.

*

Basi, kiwanda kikiondoka, kinaacha nini? Korea iliachiwa wenye mali wa Kikorea na fedha zao, zilizokwisha kugeukia meli na magari. Chittagong iliachiwa watu 130 waliojua kumwandikia mnunuzi barua. Bugolobi iliachiwa deni. Tofauti haikuletwa na ukubwa wa mshahara, kwa maana wasichana wa sehemu zote tatu walilipwa kidogo. Ililetwa na nani alikaa kwenye meza ya kuagiza kitambaa na kupanga bei, na kama ujuzi huo ulikuwa na pasipoti ya wenyeji.

Kwa kipimo hicho Athi River haijatulia. Kitambaa kinashuka Mombasa kutoka Asia, pamoja na zipu, vifungo na hata lebo. Mchoro wa nguo unatoka Marekani, na wenye viwanda wengi ni wageni. Kinachofanywa na Mkenya ni kukata, kushona, kupiga pasi na kufunga, kisha kontena linarudi Mombasa. Pamba ya Kenya karibu haimo kabisa. Wakati huo huo, mamia ya mita kutoka lango la kiwanda, mshonaji akitaka kujinunulia blauzi ananunua mtumba, huenda ikiwa imeshonwa Dhaka na kuvaliwa Ohio.

AGOA iliongezwa mwaka 2015 kwa miaka kumi, hadi Septemba 2025. Mnunuzi wa Marekani huagiza nguo miezi mingi kabla hazijatundikwa dukani, kwa hiyo tarehe kama hiyo haikusubiri Septemba ifike. Tangu mwanzo wa mwaka huo alipiga hesabu ya shati ambalo lingefika bandarini baada ya kikomo, na ushuru ambao ungelikuta huko. Oda ikipungua, ofisi ya utumishi ndiyo ya kwanza kujua. Mkataba wa mshonaji uliokuwa wa miezi sita unaandikwa wa mitatu, uliokuwa wa mitatu unaandikwa wa mmoja, na anayetia saini haelezwi sababu.